Anwani Yangu na Anwani ya Mwenzangu: Kufundisha Violesura vya Ncha Mbili katika Somo la Mitandao

Makala haya yametokana na kosa la usahihishaji. Katika jaribio la mwisho wa muhula niliwapa wanachuo wa mwaka wa pili karatasi yenye maandishi ambayo mfumo endeshi wa Linux huyatoa mtu anapouliza hali ya violesura vya mashine. Kiolesura, kwa maana tunayoitumia katika somo hili, ni mahali ambapo kompyuta hukutana na waya au mawimbi yanayoiunganisha na kompyuta nyingine. Mstari uliohusika ulisomeka hivi:

inet 10.20.0.1 peer 10.20.0.2/32 scope global ppp0

Swali lenyewe lilikuwa fupi: taja anwani ya kompyuta hii, kisha utaje mtandao iliomo. Wanachuo wengi walijibu kwamba anwani ni 10.20.0.2. Wachache walitaja 10.20.0.1, wakaongeza kwamba mtandao ni 10.20.0.0/24, nami nikawapa alama zote kwa kuwa ndivyo mwongozo wangu wa usahihishaji ulivyosema. Mwanachuo mmoja tu aliandika: "Anwani ni 10.20.0.1. Mtandao haupo, yupo mwenzake tu." Huyo nilimnyima alama za sehemu ya pili.

Kesho yake alikuja ofisini. Baada ya kuamkiana alisema, "Mwalimu, sikuja kugombea alama. Naomba unioneshe mahali palipoandikwa huo mtandao." Nikaichukua karatasi, nikautafuta. Haukuwapo. Nilikuwa nimeutunga mimi mwenyewe, kwa mazoea, nikauandika katika mwongozo kana kwamba mashine ndiyo iliyousema.

Nimeona yafaa kuwaeleza wakufunzi wenzangu jinsi kosa hilo lilivyozaliwa na jinsi nilivyolipanga somo upya, kwa sababu wanachuo tunaowafundisha watakwenda kuwafundisha wengine, na kosa la mkufunzi mmoja huweza kufika katika madarasa mengi kabla halijagunduliwa.

Chanzo cha kosa

Kwa majuma kadhaa tulikuwa tumefundisha aina moja tu ya kiolesura, nayo ni ile ya Ethernet, ambayo ndiyo inayopatikana katika maabara yetu. Katika aina hiyo kompyuta nyingi hukaa pamoja kama nyumba za mtaa mmoja. Mashine ikipewa anwani 192.168.10.5/24, tarakimu 24 zinazofuata alama ya mkwaju humaanisha kwamba biti 24 za mwanzo ni za mtaa, na biti 8 zilizobaki ni za nyumba. Hapo kiini cha mfumo endeshi hufanya kazi mbili bila kuambiwa. Kwanza, huandika kwamba 192.168.10.5 ni anwani yake yenyewe, hivyo pakiti yoyote inayoelekezwa huko ipokewe ndani. Pili, huandika katika jedwali la njia kwamba anwani zote za mtaa wa 192.168.10.0/24 hufikiwa moja kwa moja kupitia kiolesura hicho.

Kisha, ikitaka kumpelekea pakiti jirani, mashine haina budi kuuliza mtaani: "Nani mwenye anwani hii?" Mwenye anwani hujibu kwa kutaja namba ya kadi yake ya mtandao. Itifaki ya maulizo hayo, ambayo huitwa ARP, iliandikwa mwaka 1982 na ingali ikitumika.

Wanachuo waliyaelewa hayo vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Waliondoka darasani na kanuni mbili ambazo sikukusudia kuwapa: kwamba anwani ya mashine ni ile namba yenye mkwaju, na kwamba kila anwani ina mtaa wake. Kanuni hizo hazina kasoro mradi mtu asitoke nje ya Ethernet. Katika mstari wa jaribio, namba yenye mkwaju ilikuwa ya mwenzake, ndiyo maana wengi waliitaja hiyo. Walikosa kwa kufuata mafunzo yangu sawasawa.

Kiungo chenye ncha mbili

Kuna viungo ambavyo haviunganishi mtaa, bali huunganisha mashine mbili tu. Waya wa simu uliopiga modemu miaka ya 1990 ulikuwa wa aina hiyo, na modemu ndogo za kuchomeka ambazo wengi wetu tulizitumia kupata intaneti kwa kadi ya simu mara nyingi ziliingia katika mfumo endeshi kwa jina lile lile la ppp0. Njia nyingi za siri zinazopita juu ya intaneti, ambazo ofisi huzitumia kuyaunganisha matawi yake, nazo huonekana kwa mfumo endeshi kama waya wenye ncha mbili. Kwa hiyo mada hii si ya makumbusho.

Mfano ninaoutumia darasani ni simu ya makopo mawili na uzi, ambayo karibu kila mwanachuo aliitengeneza utotoni. Anayezungumza katika kopo lake hana haja ya kutaja jina la anayemwita, wala hana haja ya kuuliza nani yupo upande wa pili. Lolote linaloingia kopo hili litatokea kopo lile, na pa kutokea pengine hapana. Ndiyo sababu mfumo endeshi unapoonesha kiolesura cha namna hii huweka alama mbili, POINTOPOINT na NOARP. Ya kwanza husema kwamba uzi una ncha mbili. Ya pili husema kwamba yale maulizo ya mtaani hayafanyiki.

Ikiwa hapana maulizo, maski, yaani ule urefu wa sehemu ya mtaa, ina kazi gani? Kwa mashine yenyewe, haina. Mambo mawili tu yatakiwa yajulikane: anwani yangu ni ipi, na anwani ya aliye upande wa pili ni ipi. Anwani hizo si lazima zifanane. Upande mmoja waweza kuwa 172.16.4.9 na wa pili 10.200.1.1, na kiungo kikafanya kazi bila dosari. Mwanachuo aliyezoea Ethernet akiona namba hizo hudhani pana hitilafu, na nawashauri wakufunzi wautumie mfano wa namna hiyo mapema, kabla dhana ya mtaa haijaota mizizi.

Itifaki ya PPP yenyewe huthibitisha jambo hili. Sehemu yake inayoshughulikia anwani, iliyotolewa mwaka 1992, huzifanya mashine mbili zifanye mazungumzo mafupi kabla ya data kupita. Kila upande hutaja anwani unayotaka kuitumia. Upande usio na anwani hutaja 0.0.0.0, na upande wa pili hukataa kwa adabu, ukipendekeza anwani inayofaa. Upande wa kwanza hurudia ombi kwa kutaja hiyo iliyopendekezwa, nao hukubaliwa. Katika mazungumzo hayo yote maski haitajwi hata mara moja. Mwanachuo wangu alikuwa sahihi kabisa: hapakuwa na mtandao wa kutaja.

Yaliyomo ndani ya kiini

Wanachuo wenye uwezo wa kusoma msimbo hufaidika sana wakioneshwa jinsi waandishi wa mifumo endeshi walivyolitatua jambo hili. Msimbo wa mitandao ulioandikwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1980 ulikuwa na nafasi moja ya kumbukumbu yenye majina mawili. Kiolesura kikiwa cha mtaa, nafasi hiyo huhifadhi anwani ya kutangazia watu wote. Kikiwa cha ncha mbili, nafasi hiyo hiyo huhifadhi anwani ya mwenzake. Ubahili huo wa kumbukumbu ulikuwa na mantiki: penye mtaa hapana mwenzi mmoja, na penye mwenzi mmoja hapana umati wa kutangaziwa. Programu inayosoma nafasi hiyo haina budi kutazama kwanza alama ya kiolesura, ndipo ijue namba iliyoisoma ina maana gani. Hata leo, programu ya Linux ikiomba orodha ya anwani kwa njia ya getifaddrs, hukutana na nafasi hiyo hiyo yenye majina mawili.

Ndani ya Linux kwenyewe mpango ni tofauti kidogo, na hapa ndipo penye somo kubwa. Kila anwani inayoandikwa huwa na nafasi mbili, ifa_local na ifa_address. Ya kwanza ni anwani yangu. Ya pili ni anwani inayotumika kutengeneza njia, na maski huambatana nayo. Kwenye Ethernet hakuna mwenzi aliyetajwa, kwa hiyo kiini hunakili namba ile ile katika nafasi zote mbili. Kwenye kiungo cha ncha mbili, ifa_address ni anwani ya mwenzangu.

Tazama basi linalofuata. Mwandishi wa programu anayetaka kujua anwani ya mashine akiona jina ifa_address, au IFA_ADDRESS katika ujumbe ambao kiini huupeleka kwa programu, huona kuwa ndilo hasa analolitafuta. Huisoma, huijaribu katika ofisi yake yenye Ethernet, nayo hutoa jibu sahihi kila mara. Siku programu ile inapowekwa kwenye mashine yenye ppp0, huwaambia watu wote kwamba anwani yake ni ile ya jirani. Ni kosa lile lile la wanachuo wangu, tena kwa sababu ile ile: mfano mmoja uliofanya mambo mawili tofauti yaonekane kuwa kitu kimoja. Sikuwahi kuona mahali ambapo ufundishaji na uandishi wa programu vinakaribiana namna hii.

Ikieleweka hivyo, mstari wa jaribio husomeka bila taabu. 10.20.0.1 ni yangu. 10.20.0.2 ni ya mwenzangu, na /32 iliyo mbele yake ni maski ya njia ya kumfikia yeye, maana yake biti zote 32 zahesabiwa na njia hiyo yamhusu yeye peke yake. Kiini huandika katika jedwali la njia kwamba 10.20.0.2 hufikiwa kupitia ppp0, na kwamba pakiti zinazoanzia hapa kwenda huko zibebe 10.20.0.1 kama anwani ya mtumaji. Kama ingeandikwa 10.20.0.2/24, kiini kingetengeneza njia ya 10.20.0.0/24 yote kupitia uzi huo, na hata hapo maski ingehesabiwa kutoka upande wa mwenzi.

Jinsi ninavyolifundisha sasa

Somo la kwanza halihitaji umeme. Nawapanga wanachuo wanane katika duara, kila mmoja na kadi ya anwani, nao hupelekeana bahasha kwa utaratibu wa mtaa: anayetuma husimama na kuuliza kwa sauti, mwenye anwani hujibu. Kisha nawatoa wawili, nawapa makopo na uzi, nawasimamisha pembe mbili za chumba. Nauliza darasa: huyu akitaka kutuma ujumbe, aulize nini kwanza? Aghalabu hupita kimya kifupi, kisha mmoja husema, "Asiulize kitu." Jibu hilo likishatoka kinywani mwao wenyewe, maelezo ya NOARP huchukua dakika mbili.

Jambo linalohitaji muda ni la nafsi. Kila mmoja wa wale wawili huandika karatasi yenye mistari miwili, "yangu" na "ya mwenzangu". Wakimaliza nazibandika karatasi hizo ubaoni sambamba. Namba ni zile zile mbili, ila zimebadilishana nafasi. Baadhi ya wanachuo husema karatasi moja imekosewa, nami siwasahihishi haraka. Nawauliza: mimi nikisema "mimi", na wewe ukisema "mimi", nani amekosea? Katika Kiswahili tunaufahamu upesi ukweli kwamba nafsi hugeuka kufuatana na msemaji, na sioni sababu ya kutoutumia ufahamu huo katika somo la kompyuta.

Somo la pili ni la maabara. Tuna kompyuta mbili za zamani zenye tundu la pini 9 kwa nyuma, nazo tumeziunganisha kwa waya uliopishanisha nyuzi za kutuma na kupokea. Upande mmoja mwanachuo huandika amri hii:

pppd /dev/ttyS0 115200 10.20.0.1:10.20.0.2 noauth local nodetach

Kushoto kwa nukta mbili ni anwani yangu, kulia ni ya mwenzangu. Upande wa pili huandika namba hizo kwa kuzigeuza, na hapo karatasi za ubaoni huwa zimepata ushahidi. Baadaye tunamwambia mwanachuo wa upande wa pili aache kuandika anwani yoyote, aweke badala yake neno noipdefault. Mashine yake huomba anwani kwa mwenzake, naye huipewa. Wanachuo hupenda kuyafuata mazungumzo hayo kwenye kioo kwa kuongeza neno debug katika amri. Asiye na waya wala kompyuta za zamani asikate tamaa. Simu ya makopo imebeba sehemu kubwa ya somo hili kuliko nilivyotarajia.

Je, kuna ubaya gani kukipa kiungo mtaa?

Hili ni swali ambalo wanachuo wazuri huliuliza, na mkufunzi asilikwepe. Yawezekana kabisa kukipa kiungo cha ncha mbili mtaa wa /24 wenye anwani 256, ingawa waliomo ni wawili. Tatizo hutokea pakiti inapokuja ikielekea kwenye anwani isiyo ya yeyote kati ya hao wawili, kwa mfano 10.20.0.77. Ruta ya kwanza huiangalia, huona si yake, lakini yaangukia katika mtaa uliosemwa kuwa ng'ambo ya uzi, hivyo huivusha. Ya pili nayo huona si yake, hutazama jedwali lake, huona mtaa huo uko ng'ambo ya uzi, nayo huirudisha. Kama ruta hazikagui pakiti ilikotoka, itakwenda na kurudi hivyo mpaka hesabu ya uhai wake, ambayo hupunguzwa moja kila inapopitishwa, iishe. Katika Ethernet jambo hili halitokei, kwa kuwa maulizo ya mtaani yangekosa mjibu na pakiti ingetupwa.

Darasani twaliigiza kwa bahasha iliyoandikwa 10. Kila anayeipokea hukata namba iliyopo, huandika iliyo pungufu kwa moja, huirudisha. Kicheko huanza kwenye 7, na kufikia 3 wale wawili huwa wamechoka. Katika anwani za IPv6, ambako ni kawaida kuupa kila mtaa urefu wa /64, hatari hiyo ilionekana kuwa kubwa kiasi cha kutolewa maelezo rasmi mwaka 2011 yanayoruhusu viungo baina ya ruta vitumie /127, yaani anwani mbili tu.

Suala la kubana matumizi ya anwani nalipitia upesi, kwa hesabu moja ubaoni. Viungo 10 vikipewa kila kimoja mtaa mdogo wa /30, vitakula anwani 40. Kwa /31, ambayo ilikubaliwa rasmi kwa viungo vya ncha mbili mwezi Desemba mwaka 2000, vitakula 20. Lakini seva moja yenye viungo 10 vya PPP yaweza kuitumia anwani yake moja katika vyote: 10.20.0.1 na mwenzake 10.20.0.2 kwenye ppp0, 10.20.0.1 na mwenzake 10.20.0.3 kwenye ppp1, na kuendelea, jumla yake 11. Hili nalo huwashangaza waliofunzwa kwamba anwani moja haiwezi kukaa mahali pawili. Nawauliza: ppp0 ikikatika, je, 10.20.0.1 bado ni ya seva? Ni yake, maadamu ppp1 ingali hai, na mwenzake wa upande huo hatajua kwamba kuna lililotokea.

Kuhusu usahihishaji

Yule mwanachuo nilimrudishia alama zake, nikalieleza kosa langu mbele ya darasa. Waliotaja mtandao usiokuwapo sikuwapokonya alama walizokwisha kupewa, na mkufunzi mwenzangu mmoja hakukubaliana nami katika hilo. Aliona haki ingekuwa kufuta swali zima. Bado tunabishana.

Swali lenyewe nimelibadilisha. Sasa karatasi huwa na mistari mitatu: mmoja wa Ethernet, mmoja wa kiungo cha ncha mbili chenye /32, na mmoja ambao mwenzi amepewa maski ya /24. Kwa kila namba iliyomo, mwanachuo hutakiwa aandike ni ya nani, kisha aandike njia ambayo kiini kitaiongeza katika jedwali. Pale ambapo mtandao haupo, nafasi ya jibu nimeiacha ndefu kama nyingine zote, ili urefu wa mstari usimnong'oneze jibu. Mwongozo wa usahihishaji sikuuandika tena kwa kichwa: niliziandika amri zile katika kompyuta ya maabara na kunakili yaliyotoka.